Mwenye Wimbo ni Nani? Uhakiki wa Istilahi za Utunzi na Kurekodi Nyimbo

Makala haya yanahusu maneno machache tu: mtunzi, mwimbaji, msanii, kurekodi, kurudia, wa asili na hakishiriki. Maneno haya yamo katika fomu, mikataba, vitabu vya shule na matangazo ya redio, na kila siku wafasiri, walimu na watumishi wa serikali huyatumia bila kusita. Sisi tunaoshughulika na istilahi nasi tumeyatumia hivyo kwa muda mrefu. Nia yetu hapa ni kuyapima upya, kwa kuwa tumeshuhudia kwamba neno lisilopimwa laweza kumnyang'anya mtu jina lake bila ya mtu yeyote kukusudia kumwibia.

1. Fomu ya Kanazi

Tulipofika Kanazi, wilayani Ngara, tulikuwa tukikusanya maneno ya kilimo cha migomba na kahawa. Habari ya nyimbo haikuwamo katika ratiba yetu. Lakini mwalimu mmoja wa shule ya msingi, aliposikia kwamba tunatoka kwenye shughuli za lugha, alituletea fomu aliyoombwa kuijaza kwa niaba ya jirani zake. Hatutaitaja ofisi iliyoitoa fomu ile, maana kosa lililomo ni la wengi, nasi tumo.

Fomu iliuliza mambo matatu: jina la msanii, jina la wimbo, na aina ya wimbo. Chini ya aina ya wimbo palikuwa na visanduku vitatu: wa dini, wa kizazi kipya, wa asili. Wimbo wenyewe ni wa Kihangaza, wa kumuaga bibi harusi anapotoka kwa wazazi wake. Bibi mmoja mzee aliutunga zamani kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, maneno na mahadhi. Mjukuu wake ndiye aliyeuimba mbele ya kinasa sauti. Kijana mwingine alipiga gita na kubuni mapigo yake. Wa nne, mwenye kompyuta mjini Ngara, aliurekodi na kuupatanisha. Ndugu mmoja wa mjukuu, aliyeuza mbuzi ili gharama zilipwe, ni wa tano.

Mwalimu alikuwa amekwisha kujaza. Mbele ya "msanii" aliandika jina la mjukuu. Mbele ya "aina ya wimbo" alitia alama kwenye "wa asili", na hakika palikuwa hapana pengine pa kuitia. Wanne waliosalia hawakuonekana mahali popote katika karatasi ile, na wa kwanza kupotea alikuwa yule ambaye bila yeye wimbo usingekuwapo.

Tulipelekwa kwa bibi mwenyewe. Hakuzungumza habari za fedha. Alisema kwamba wimbo umekwisha kusikika redioni, na mtangazaji aliutambulisha kuwa ni wimbo wa asili wa Wahangaza. "Wanangu," alituuliza, "Wahangaza wote walikaa lini wakautunga?"

Swali lile hatukuweza kulijibu papo hapo. Makala haya ni jaribio letu la kulijibu.

2. Mtunzi na "mwandishi wa nyimbo"

Tuanze na neno lililo bora kuliko yote, nalo ni mtunzi. Kiswahili kina kitenzi kutunga tangu zamani: mtu hutunga shanga, hutunga samaki katika uzi, hutunga shairi, hutunga sheria. Katika kila matumizi haya pana vitu vilivyokuwa mbalimbali vikaunganishwa kwa mpango. Neno hili halidai kalamu wala karatasi. Mtunzi aweza kuwa hajui kusoma, na utunzi wake ukawa kamili.

Kwa sababu hiyo tunasikitika kuona kwamba wafasiri kadhaa wa siku hizi wameliacha na kushika "mwandishi wa nyimbo". Maneno haya yanatokana na lugha za kigeni ambamo wimbo huandikwa kabla ya kuimbwa. Kwetu sivyo ilivyo kila mara. Bibi wa Kanazi hakuandika neno hata moja. Alitunga akiwa shambani, akaufundisha wimbo kwa mdomo. Akiulizwa kama yeye ni mwandishi atakana, na atakuwa amesema kweli. Basi fomu inayouliza "mwandishi wa wimbo ni nani?" itarudi ikiwa tupu, na karani ataandika "hajulikani", hali mwenyewe yuko hai, nyumba ya tatu kutoka shuleni.

Hata hivyo neno mtunzi nalo lina upungufu mmoja. Wimbo una maneno na una mahadhi, na mara nyingi vitu hivi viwili hutoka kwa watu wawili. Katika kwaya zetu, kwa mfano, maneno huweza kutungwa na mwanakwaya yeyote, lakini mahadhi na mpango wa sauti ni kazi ya mtu ambaye wanakwaya humwita kwa heshima "mwalimu". Jina hilo limeota mizizi, wala hatuna sababu ya kuling'oa. Lakini katika hati ni lazima tuseme mtunzi wa maneno na mtunzi wa mahadhi. Mtu mmoja akiwa ni wote wawili, jina lake na liandikwe mara mbili. Wino utakaotumika ni mdogo kuliko hasara itakayoepukwa.

3. Mwimbaji, manju na msanii

Historia ya nyimbo zilizorekodiwa kwa Kiswahili inatufundisha kwamba sauti hulimeza jina la mtunzi kwa urahisi. Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 ili sauti yake itiwe katika santuri, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu unaosomwa hadi leo. Siti hakuwa peke yake; alikuwa na kundi la wapigaji na watunzi waliofanya kazi pamoja naye. Lakini waulize wasomaji wa kawaida wawataje wenziwe: watasita. Hatusemi hivi kuipunguza heshima ya Siti, kwani sauti yake iliistahili. Tunasema kwamba jina la mwimbaji lina nguvu ya kubaki kwa lenyewe, ambapo jina la mtunzi hubaki kwa maandishi tu.

Katika muziki wa dansi hali ilikuwa na sura nyingine. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya umoja wa wafanyakazi, na jina la bendi likabadilika kadiri jina la umoja lilivyobadilika: ikawa Juwata, ikawa OTTU, hata ikaishia kuwa Msondo Ngoma. Wanamuziki wake waliajiriwa kama wafanyakazi wengine. Hapo alizuka mtu wa aina nyingine, ambaye wanamuziki wenyewe humwita "mwenye vyombo", yaani mwenye magita, ngoma na vipaza sauti. Wimbo ulijulikana kwa jina la bendi, na jina la bendi lilikuwa la mwajiri. Kwa upande mwingine tuna Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, ambaye baadaye aliunda Super Volcano, akafariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi wa Januari 1979. Yeye alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpigaji wa gita la solo kwa wakati mmoja. Wasikilizaji waliomzoea mtu wa namna hii huona si lazima kuyatenga maneno. Lakini istilahi haitungwi kwa ajili ya mtu anayefanya yote peke yake. Inatungwa kwa ajili ya hali ambamo kazi zimegawanyika.

Je, Kiswahili hakina neno moja linalomtaja mtunzi ambaye pia ni mwimbaji? Kinalo. Kamusi zetu zina neno manju, maana yake mtu hodari wa kutunga na kuimba nyimbo za ngoma. Zina pia malenga, ingawa neno hili kwa kutumiwa sana na washairi wa magazetini limeelemea upande wa shairi lililoandikwa. Tunashauri manju litumike pale ambapo mtu mmoja anazo kazi zote mbili. Hatutaki kumlazimisha mtu yeyote. Neno likikaa katika vitabu vya shule kwa miaka michache, litajitetea lenyewe.

Majirani zetu wanatuonyesha njia. Kihangaza ni lugha iliyo karibu sana na Kirundi, Kinyarwanda, Kiha na Kishubi, na Malcolm Guthrie aliziweka zote katika kundi moja. Katika Kinyarwanda, mwimbaji ni umuririmbyi, kutokana na kuririmba, na mwenye kubuni ni umuhanzi, kutokana na guhanga, yaani kuumba jambo jipya. Ni kazi mbili, vitenzi viwili, majina mawili. Sera yetu ya istilahi inatutaka tuzitazame lugha za Kibantu kabla ya kuvuka bahari, na mara hii hatukuhitaji hata kuazima neno. Tunachoazima ni utaratibu wao wa kutochanganya.

Sasa msanii. Neno hili lilipendeza liliposhika mahali pa maneno mengi ya kigeni. Linamkusanya mchoraji, mchonga vinyago, mwigizaji, mcheza ngoma na mwimbaji. Uzuri wake ndio udhaifu wake, kwa kuwa neno linalomtaja kila mtu halimtambulishi hata mmoja. Tena, katika matumizi ya mitaani, "usanii" umekwisha kupata maana ya ujanja na udanganyifu. Mtu akisema "huo ni usanii" hasifii kazi ya mikono. Msanii na abaki katika hotuba na katika majina ya vyama. Katika fomu, mkataba na lebo ya wimbo halifai, kwa kuwa linamruhusu mjazaji kuchagua jina lolote lililo karibu, na jina lililo karibu ni la yule mwenye sauti.

4. Kurekodi, kurekodiwa, kurekodisha

Wako wanaotulaumu kwa kukubali kitenzi kurekodi, wakitaka turudie kunasa sauti. Sisi tunaona vita hiyo imekwisha, na kurekodi kimeshinda. Kosa halimo katika asili ya kitenzi, limo katika jinsi tunavyokinyima minyambuliko yake.

Tazama sentensi hii: "Fulani amerekodi wimbo." Nani huyo? Yaweza kuwa mwimbaji aliyesimama mbele ya kinasa sauti. Yaweza kuwa fundi aliyeketi kwenye mitambo. Yaweza kuwa tajiri aliyelipa. Katika lugha nyingi za kigeni utata huu hauna dawa ila kwa maelezo marefu. Katika Kiswahili dawa imo ndani ya kitenzi. Mwenye kitambaa hashoni. Hushonesha kwa fundi. Mwenye mahindi hasagi, husagisha mashineni. Watoto wa darasa la tatu wanaijua tofauti hii bila ya kufundishwa.

Basi na tuseme: fundi anarekodi, mwimbaji anarekodiwa, na mwenye kugharimia anarekodisha. Katika habari ya Kanazi, kijana wa mjini alirekodi, mjukuu alirekodiwa, na ndugu aliyeuza mbuzi alirekodisha. Kwa silabi moja moja tu tumewatambua watu watatu. Kutokana na vitenzi hivyo tunapata pia majina: fundi wa kurekodi kwa mwenye mitambo, mrekodishaji kwa mwenye kulipa. Neno prodyuza, ambalo limeenea sana, linawachanganya hao wawili na kumwongeza wa tatu, yaani mpangaji wa mapigo na vyombo. Mitaani na litumike. Katika mkataba kila kazi na iitwe kwa jina lake.

5. Kurudia wimbo

Hapa tunafika mahali penye ugomvi mwingi, na mkoa wa Kagera umetupa mfano ulio wazi kuliko yote.

Saida Karoli, mzaliwa wa mkoa huu, alitokea mwanzoni mwa karne hii akiimba kwa Kihaya. Kanda yake ya "Chambua kama Karanga" ya mwaka 2001, na wimbo wake wa "Maria Salome", zilipendwa katika Tanzania nzima na hata Uganda, na watu wasiojua neno moja la Kihaya walizikariri. Mwaka 2016 Diamond Platnumz, akimshirikisha Rayvanny, alitoa wimbo uitwao "Salome", uliojengwa juu ya wimbo ule wa kwanza na kuzungumza kwa Kiswahili. Makubaliano baina ya wahusika si mada yetu. Sisi tunauliza swali la lugha: kitendo kile kinaitwaje?

Magazeti yaliandika kwamba wimbo "umerudiwa". Wengine waliandika kwamba "umeigwa", wengine "umeboreshwa". Maneno haya matatu yanatoa hukumu tatu mbalimbali. Kuiga kunabeba lawama. Kuboresha kunamtukana mtunzi wa kwanza, kana kwamba kazi yake ilikuwa na kasoro. Kurudia ni kusema tena kilichosemwa, na hivyo sivyo ilivyokuwa, kwani maneno mengi yalikuwa mapya.

Tunapendekeza walimu wa sarufi watusaidie kwa neno walilolizoea. Kitenzi kina mzizi, na kutokana na mzizi ule huja mnyambuliko: pika, pikia, pikisha, pikwa. Mnyambuliko una maana yake mpya, na hauwezi kuwapo bila ya mzizi. Wala hakuna anayesema kwamba pikisha ni wizi wa pika, au kwamba ni bora kuliko pika. Basi wimbo wa kwanza na uitwe wimbo mzizi, na ule uliojengwa juu yake, kwa maneno mapya au mahadhi yaliyobadilishwa, uitwe wimbo mnyambuliko. Kurudia tukuachie pale ambapo mwimbaji mwingine anaimba maneno yale yale kwa mahadhi yale yale. Na pale ambapo kipande cha sauti iliyorekodiwa kinachukuliwa na kutiwa ndani ya wimbo mwingine, tulitumie neno ambalo wanafunzi wa fasihi wanalijua, nalo ni dondoo: hilo ni dondoo la sauti. Anayedondoa kitabu hutaja kitabu. Anayedondoa sauti naye hana budi.

Faida ya istilahi hizi ni kwamba zinauliza swali zenyewe. Ukisema "huu ni wimbo mnyambuliko", msikilizaji atauliza mara moja, "Mzizi wake ni upi?" Na jina la mtunzi wa kwanza litatajwa.

6. Wimbo wa asili

Tumeliweka neno hili karibu na mwisho kwa kuwa ndilo lililofanya madhara makubwa huko Kanazi.

"Wa asili" laonekana kuwa neno la sifa. Lakini lina maana mbili zinazovutana. Maana ya kwanza: wimbo uliorithiwa, ambao mtunzi wake amesahauliwa, na ambao jamii nzima inauhesabu kuwa wake. Maana ya pili: wimbo uliotungwa na mtu ajulikanaye, jana au juzi, kwa mtindo, ala au lugha ya jadi. Nyimbo za Saida Karoli ziliitwa za asili kwa maana ya pili. Wimbo wa bibi ni wa asili kwa maana ya pili vilevile. Fomu iliuliza kwa maana ya pili, na ikajibiwa kwa maana ya kwanza.

Tofauti hii si ya kinadharia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilipotungwa ilimpa mtunzi haki katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sheria hiyo hiyo ina sehemu ya peke yake kuhusu sanaa za jadi, ambazo hazina mtunzi mmoja, na usimamizi wa sehemu hiyo ulikabidhiwa Baraza la Sanaa la Taifa. Alama moja katika kisanduku, basi, yaweza kuutoa wimbo katika mikono ya mtu na kuutia katika mikono ya taifa. Mwalimu wa Kanazi hakujua kwamba kalamu yake ina uzito huo. Aliyeandika fomu naye, tunadhani, hakujua.

Kuna jambo jingine linalohusu mahali. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Nyimbo huvuka pamoja na watu, na watu wamevuka mara nyingi. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao robo milioni walipita daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja au mbili tu. Kwa kuwa lugha ni jamaa, wimbo wa mtunzi wa ng'ambo ya mto hupata wenyeji upesi, na baada ya miaka kumi huonekana kana kwamba ulizaliwa hapa. Tukiutia alama ya "wa asili wa Wahangaza", tumemnyang'anya mtu ambaye hata hatutakutana naye.

Ushauri wetu ni huu. Neno wimbo wa jadi litumike kwa maana ya kwanza peke yake, tena baada ya kuuliza wazee na kukosa jina la mtunzi. Kwa maana ya pili tuseme wimbo wa mahadhi ya jadi. Fungu hili ni refu zaidi, twakiri, lakini linaacha mahali pa kuuliza ni nani aliyeutunga. "Wa asili" na liondolewe katika fomu zote.

7. Hakishiriki

Hatuwezi kuwahakiki wengine tukajiacha wenyewe. Neno hakishiriki, ambalo limo katika jina la sheria tuliyoitaja, limekubaliwa na watu wa istilahi, nasi tumelitumia katika tafsiri zetu. Linataja haki za waimbaji na wapigaji, za watayarishaji wa sauti zilizorekodiwa, na za vituo vya utangazaji: haki ambazo zinasimama kando ya haki ya mtunzi, kama nyumba inavyosimama kando ya nyumba.

Tatizo ni kwamba kushiriki, kwa msemaji wa Kiswahili, ni kula chungu kimoja. Tumewasikia watumishi wawili, wote wasomi, wakieleza kwamba hakishiriki maana yake ni mtunzi na mwimbaji kugawana haki moja nusu kwa nusu. Maelezo hayo si sahihi, lakini neno ndilo lililowafundisha. Kama tungesema hakijirani, picha ingekuwa ya kweli zaidi: jirani ana uwanja wake na mlango wake, akikukaribisha utaingia, lakini hagawani nawe kitanda.

Je, tulibadilishe? Hapa tunasita. Neno lililokwisha kuingia katika jina la sheria haling'olewi kwa makala ya robo mwaka, na kuwa na maneno mawili kwa dhana moja kungezaa mkanganyo mpya. Tunashauri libaki, lakini kila kamusi, kitini na fomu inayolitumia itoe fasili yake pale pale: haki ya pekee ya mwimbaji, mtayarishaji au mtangazaji, isiyopunguza haki ya mtunzi. Istilahi yenye kasoro ikifuatana na fasili nzuri yaweza kuvumilika. Ikiachwa peke yake itaendelea kupotosha.

8. Mitaa na mabaraza

Tunatazamia kuulizwa: mabaraza yana haki gani ya kuwafundisha wanamuziki maneno? Swali ni la haki, na historia haiko upande wetu wote. Muziki wa kughani kwa haraka ulipoingia nchini, wasomi waliupa jina la kufokafoka. Kufoka ni kusema kwa hasira. Jina lile liliwatukana vijana kabla ya kuwasikiliza, na halikudumu. Vijana wenyewe wakasema kuchana, wakaita maneno yao mistari, na maneno haya yameishi. Professor Jay alipotoa "Machozi, Jasho na Damu" mwaka 2001, hapana mtu aliyehitaji baraza limwambie kwamba mistari ile ilikuwa na mtunzi. Wanamuziki hao hao walitupatia "kumshirikisha", kwa maana ya kumwalika mwimbaji mwingine ndani ya wimbo wako. Sisi maofisini tungelikesha mwezi mzima tusingepata kitenzi bora kuliko hicho.

Basi kazi yetu si kuisahihisha mitaa. Kibao na kiitwe kibao. Atakayefyatua albamu na aifyatue. Kazi yetu inaanzia mahali ambapo neno linatiwa sahihi: katika fomu, mkataba, risiti, lebo, daftari la redio na kitabu cha mwanafunzi. Hapo neno halipambi tena, linagawa. Linagawa fedha, na kabla ya fedha linagawa jina.

9. Hitimisho

Siku ya mwisho Kanazi tulikaa na mwalimu katika ofisi ya shule, tukachukua karatasi nyeupe, tukaipiga mistari kwa rula. Tuliandika: mtunzi wa maneno, mtunzi wa mahadhi, mwimbaji, mpigaji, fundi wa kurekodi, mrekodishaji, wimbo mzizi kama upo, aina: wa jadi au wa mahadhi ya jadi. Mwalimu akaijaza, akaiambatanisha na fomu ya zamani kwa pini. Hatujui kama ofisi iliyopelekewa itaikubali, maana karatasi isiyo na mhuri ina bahati ndogo.

Kisha mwalimu akamsomea bibi karatasi ile kwa Kihangaza, mstari kwa mstari. Jina lake lilipotajwa mara mbili, mbele ya maneno na mbele ya mahadhi, alimsimamisha. Alisema kwamba mahadhi hayakuwa yake yote. Sehemu ya kiitikio aliisikia kwa shangazi yake, aliyekwisha kufariki, na akataka jina la shangazi liandikwe pia. Mwalimu akaliandika.

Tunawaomba wasomaji, hasa walimu walio vijijini na makarani wanaopokea fomu, watuletee maneno ambayo jamii zao hutumia kumtofautisha anayetunga na anayeimba, pamoja na maoni yao juu ya mapendekezo haya. Tutakayoyapokea tutayachapisha katika matoleo yajayo ya jarida hili, na jina la kila aliyeyaleta.